Presha ya Mimba Haisubiri Mavuno

Oktoba 2024 serikali ya Kenya iliuondoa mpango wa Linda Mama, uliomwezesha mjamzito kujifungua bila kulipa, ikamhamishia kwenye Linda Jamii, chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Ulikuwa uamuzi mbaya, na anayeumia zaidi ni mama mwenye presha ya mimba katika sehemu kama Kapsokwony, kwenye miteremko ya Mlima Elgon.

Watetezi wanasema Linda Jamii inahudumia nyumba nzima, na kwamba huduma za msingi za zahanati na vituo vya afya hazidai mchango wa bima. Sawa. Wengine, badala ya kuzungumzia malipo, wanatamani vipimo vipya: tupime mafuta ya damu, maana kwa wenye presha ya mimba trigliseridi hupanda kupita kawaida na kolesteroli nzuri hushuka. Ni kweli, ila trigliseridi hupanda kwa kila mjamzito, na kuijua hakubadilishi tiba. Utafiti uliochapishwa 2021, wa wajawazito zaidi ya 1,000, ulionyesha kuwa pravastatini, dawa ya kushusha mafuta, haikuwakinga na ugonjwa huu ilipotolewa wiki za mwisho za mimba.

Ugonjwa huu hugunduliwa kwa mashine ya presha na kijiti cha mkojo: 140/90 baada ya wiki 20, na protini kwenye mkojo. Magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Hilo limejulikana tangu 2002. Lakini kinachoumaliza ugonjwa wenyewe ni mtoto na kondo kutoka. Mama hulazwa, huanzishiwa uchungu au hupasuliwa, kazi ambayo zahanati haiwezi. Kwa hiyo hupewa rufaa ya hospitali, na rufaa ndiyo inayomtoa kwenye huduma ya bure na kumpeleka kwenye dirisha la michango. Asiye na shida anahudumiwa. Ambaye uhai wake uko hatarini anaulizwa kama amelipa. Nani aliketi akapanga hivi, akaona ni sawa?

Mchango wa chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi, lakini asiye na ajira rasmi anadaiwa wa mwaka mzima kwa mkupuo: Sh3,600. Mkulima wa mahindi na vitunguu hushika pesa anapouza mazao, na presha inaweza kupanda shamba likiwa bado kijani. Msituambie akope alipe polepole. Kumkopesha mama apate kujifungua ni kumtoza tu kwa jina lingine.

Hazina ya taifa ilipe, na kila mjamzito apokewe hospitalini kwa kitambulisho chake. Juni 2013 serikali iliweza kufuta ada za kujifungua katika hospitali za umma. Leo inashindwa na nini?