Kura ya Wananchi na Kiti cha Kuteuliwa

Mwaka 2006 wananchi wa jimbo la Arizona, Marekani, walimrudisha Janet Napolitano wa chama cha Democratic katika ugavana kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura. Muhula wa tatu mfululizo sheria ilimkataza. Angeweza kuendelea na kipindi chake, na huku amkabili John McCain katika uchaguzi wa Seneti wa 2010. Badala yake, Januari 2009 alijiuzulu, akawa waziri wa Rais Barack Obama.

Hatumlaumu kwa kuitikia wito wa taifa. McCain naye alikuwa mpinzani mzito, na kiti chake alikitetea akashinda. Lakini twauliza: ni nani aliyelipa gharama? Arizona haikuwa na naibu gavana. Ugavana ulimwangukia katibu wa jimbo, Jan Brewer wa chama cha Republican, ambaye Aprili 2010 alitia sahihi sheria kali dhidi ya wahamiaji.

Waziri huteuliwa na mtu mmoja, na mtu huyo huyo aweza kumfuta. Seneta hutumwa na umma. Ndugu zetu, kura ni amana. Anayeiacha njiani na atazame kwanza itaokotwa na nani.