Kioo Kipya, Lugha Zilezile

Mashine ndogo ya michezo iitwayo Nintendo Switch OLED ilitoka tarehe 8 Oktoba 2021. Kule Tokyo na Paris ni kitu cha zamani sasa, maana tangu tarehe 5 Juni 2025 watu wanaihamia Switch 2. Lakini vitu vya namna hii hufika Lubumbashi ndani ya sanduku la ndugu anayerudi likizo, na kwa hiyo mtaani kwetu OLED ndiyo mpya. Mtoto wa mama mdogo, anayeishi Ubelgiji, aliileta na kutuachia kwa wiki tatu. Nimeitazama kwanza kwa jicho la mchezaji, halafu kwa jicho la mwanafunzi wa lugha za Kiafrika. Macho hayo mawili hayakuona kitu kimoja.

Jicho la mchezaji linaridhika upesi. Switch ya kwanza, ile ya Machi 2017, ilikuwa na kioo cha inchi 6.2. Hii ina inchi 7, na mwili wake ni karibu uleule. Idadi ya nukta haikuongezwa, bado ni 1280 kwa 720, ila sasa kila nukta inatoa mwanga wake yenyewe na hakuna taa iliyofichwa nyuma ya kioo. Matokeo yake nyeusi ni nyeusi kweli. Mtu anayecheza usiku, umeme ukiwa umekatika na mishumaa imezimwa, haoni tena ule ukungu wa kijivu pembeni mwa picha. Nafasi ya kuhifadhi imepanda kutoka GB 32 hadi 64. Betri inakaa saa nne na nusu hadi tisa kulingana na mchezo, wakati ile ya 2017 iliweza kuzima baada ya saa mbili na nusu. Kwa mji wetu hiyo peke yake ni sababu ya kuipenda. Ubongo wa ndani haukuongezewa nguvu, na waliotarajia kasi zaidi walilalamika. Mimi sikuwa na cha kulinganisha, basi sikulalamika.

Kilichonifurahisha kuliko kioo ni mguu wa nyuma. Zamani kilikuwa kijiti chembamba upande mmoja. Sasa ni ubao unaochukua upana wote wa mashine, na unausimamisha kwa mlalo unaoutaka. Tuliiweka kwenye meza ya plastiki uani, tukachomoa zile manete mbili za pembeni, na watoto wa jirani wakapokezana Mario Kart. Hapakuwa na haja ya televisheni.

Hapo ndipo jicho la pili lilipoamka. Mashine ilipata jina siku ileile: kamashini. Kiswahili sanifu kingependa ki- kwa kitu kidogo, lakini kwetu ka- na tu- ndizo zinazofanya kazi hiyo, na hakuna mtoto aliyesita. Halafu kulikuwa na kilio cha kila dakika: “Nilishakufa!” Katika vitabu vya sarufi, -lisha- inaonyesha tendo lililokwisha kabisa, na kufa ndiyo mfano bora wa tendo lisilorudiwa. Watoto wale walikufa mara thelathini kabla ya jua kuzama, kila mara kabisa, kila mara wakaendelea. Ningependa kumwona mwalimu wa semantiki akilieleza hilo ubaoni.

Mario Kart haitaki kusoma. Unaona barabara, unaona ndizi, unakwepa. Kesho yake mmoja wao, mwenye miaka tisa, akafungua The Legend of Zelda: Breath of the Wild, na mambo yakabadilika. Ule ni mchezo wa kusoma. Mzee anakueleza njia, mwanamke wa kijijini anataka kitu fulani, kila silaha na kila chakula kina maelezo yake. Mtoto alizungusha shujaa wake nyikani muda mrefu, akaniita nisome, akanisikiliza nikitafsiri kutoka Kifaransa, akaniita tena. Baada ya nusu saa alirudi kwenye Mario Kart. Yeye si mtoto mzito. Anaongea Kiswahili vizuri kuliko mimi nilivyokiongea katika umri wake, ila Kifaransa chake bado ni cha darasani, cha kujibu mwalimu. Mashine ilimfungulia mlango wa kukimbia ikamfungia mlango wa kufikiri.

Ukiiwasha mara ya kwanza, mashine inakuuliza lugha kabla ya yote. Orodha ina Kijapani, Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, Kihispania, Kiholanzi, Kireno, Kirusi, Kikorea, Kichina. Hakuna lugha hata moja iliyozaliwa Afrika. Orodha ya Switch 2 nayo haina. Wahandisi walipima upya kioo, mguu, spika na betri, lakini upande wetu wa orodha hakuna aliyeugusa.

Wapo wenzangu katika idara watakaosema kwamba hayo ni mambo ya kitoto, lugha ya menyu ni pambo tu. Nawajibu kwa bei. Switch 2 ilipotoka nchini Japani, Nintendo waliuza matoleo mawili. Mashine inayotumia Kijapani peke yake ilikuwa yeni 49,980. Ile yenye lugha nyingi ilikuwa yeni 69,980. Kioo ni kilekile, chipu ni ileile, tofauti ni orodha ya lugha, na tofauti hiyo imewekewa bei ya yeni 20,000. Mnunuzi wa nje asiyesoma Kijapani hawezi kunufaika na bei nafuu ya ndani, kwa sababu lugha imewekwa mlangoni kama askari. Kampuni iliyofanya hivyo inajua vizuri sana kwamba lugha ya menyu si pambo. Sisi tunaosomea lugha tunapaswa kulijua kabla yao.

Wala si kwamba michezo hii haijawahi kusikia lugha zetu. Mwaka 2005 Christopher Tin alitunga wimbo wa Kiswahili, Baba Yetu, kwa ajili ya mchezo Civilization IV, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kushinda tuzo ya Grammy. Katika Civilization VI, ambayo inachezwa pia kwenye Switch, mfalme Mvemba a Nzinga wa Kongo anakusalimu kwa Kikongo. Nilifurahi, nakiri. Lakini tazama kazi waliyopewa Kiswahili na Kikongo humo: kimoja kinaimba, kingine kinasalimia na kutangaza vita. Hakuna kinachosema “hifadhi”, “futa”, “una hakika?”, “rudi nyuma”. Lugha zetu zinaalikwa kwa sauti nzuri, halafu inapofika kazi ya kuendesha chombo zinaombwa zikae.

Kwa mtu wa Katanga hilo ni jambo la kushangaza, ukifikiri kidogo. Kiswahili hakikuenea hapa kwa mashairi. Kilienea sana kwa kazi, katika machimbo na karakana za Union Minière, kampuni iliyoanzishwa 1906, ambako watu waliotoka sehemu nyingi na wenye lugha nyingi walihitaji kuelewana mbele ya mashine zinazoweza kukata mkono. Babu zetu walipewa amri, wakaonya, wakatengeneza na kulaani mitambo kwa Kiswahili. Leo kobalti ya Kolwezi inaingia katika betri za dunia nzima, na lugha iliyoichimba haijui kuandikwa kwenye kitufe. (Nimeahidi kutoandika makala nyingine ya koltani na kobalti, gazeti letu linazo za kutosha. Naishia hapo.)

Kizuizi ni sarufi? Nimesikia hoja hiyo hata kwa watu wa programu hapa mjini. Wanasema upatanisho wa ngeli unavunja ujumbe wa mashine, na shida ipo kweli. Mashine hupenda sentensi yenye shimo: kitu fulani kimefutwa, na jina la kitu linaingizwa baadaye. Kwa Kijapani shimo hilo halisumbui. Kwa Kiswahili, mchezo umefutwa, picha imefutwa, jina limefutwa, majina yamefutwa, kitufe kimefutwa. Kiambishi kinangoja nomino kabla ya kujua sura yake. Lakini Kifaransa kina jinsia mbili na kinadai kitenzi kifuate. Kirusi kina jinsia tatu, tena na miisho ya nomino inayobadilika kila inapohama sehemu yake katika sentensi. Zote mbili zimo kwenye orodha, kwa sababu mtu alilipwa kukaa na kila sentensi na kuitafutia njia. Dawa zenyewe si za ajabu. Unaambatanisha ngeli na kila nomino katika hazina ya maneno, au unapindua ujumbe uwe “Imekwisha kufutwa:” kisha jina lije nyuma. Na kuhusu herufi, Kiswahili hakidai hata alama moja ya ziada, wakati Lingala ikiandikwa kwa kanuni zake inahitaji ɛ na ɔ na alama za toni. Kama kuna lugha ya Kongo iliyo rahisi kuingizwa kwenye kioo chochote, ni hii yetu.

Kuna kichekesho hapa kwa wanaocheka Kiswahili cha Lubumbashi. Sisi husema “muchezo inaisha”, “kitabu inapotea”. Mara nyingi i- inabeba kila kisicho na uhai. Tunaambiwa tumeua ngeli. Basi mashine ingetupenda sisi kuliko watu wa Zanzibar, kwa sababu ile sentensi yenye shimo kwetu haina tatizo hata kidogo.

Hilo linaleta swali gumu kuliko la ngeli: Kiswahili cha nani? Simu nyingi za Android zina Kiswahili kwenye orodha yake, na humo utakuta “mipangilio”, “pakua”, “inapakia”. Hayo yamekomaa Tanzania na Kenya, na mengine ni mazuri sana. Kupakua, kitendo kilekile cha kutoa bukari kwenye sufuria na kuitia sahanini, kwa kuteremsha faili kutoka kwenye mtandao: sijui kama Kifaransa kina neno la jikoni lililofanya safari nzuri hivyo. Lakini mpe simu hiyo mtoto wa Kenya ya hapa Lubumbashi, namaanisha komuni yetu, si nchi, naye atakuomba uirudishe kwenye Kifaransa, kwa sababu “parametre” amelisikia na “mipangilio” hajalisikia. Tukileta menyu iliyoandikwa Dar es Salaam bila kuigusa, tutakuwa tumembadilishia mgeni mmoja kwa mgeni mwingine. Mimi napendelea tuchukue kutoka sanifu maneno ambayo mizizi yake inaishi kwetu pia, kama pakua, hifadhi, futa, rudi, na tuache manete, batri na nivo vibaki vilivyo. Wanaotaka usafi kamili watakasirika. Wakasirike, mradi walete orodha yao.

Najua upande wa pili wa hesabu. Mashine hii ilitoka kwa dola 350 huko Marekani, na kwetu mtu anaongeza juu yake gharama za safari na za mpakani. Hakuna kampuni itakayotafsiri mfumo mzima kwa ajili ya mashine zinazoingia kwa masanduku. Waholanzi ni wachache mno kuliko wasemaji wa Kiswahili, ila wananunua dukani. Sitegemei barua kutoka Kyoto, na simwombi mtu yeyote aandike malalamiko kwenda huko.

Ninachodai kiko karibu zaidi. Katiba ya 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Ciluba. Mwaka 2022 nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kila mwaka tarehe 7 Julai tunavaa vitenge kusherehekea Siku ya Kiswahili Duniani. Hotuba za siku hiyo hurudia neno teknolojia mara nyingi sana. Lakini katika idara yetu kazi za mwisho wa masomo bado ni methali, majina ya watu na nyimbo za harusi. Nazipenda, ya kwangu pia inahusu majina. Ila hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuleta mbele ya jopo istilahi mia tatu za menyu, zikiwa zimejaribiwa kwa watoto wa Kenya, wa Katuba na wa Bukavu, na maelezo kwa nini neno fulani lilishinda na lingine likakataliwa. Mwenzangu mmoja alipopendekeza, aliambiwa atafute mada ya kisayansi. Michezo midogo ya simu, inayotengenezwa na watu wawili watatu, mara nyingi inapokea tafsiri za wachezaji wenyewe, na kazi kama hiyo ingepata mahali pa kutumika mwaka uleule.

Wanne kati yetu tumeanza bila ruhusa. Tuna maneno themanini na moja hadi sasa. “Save” ilichukua dakika mbili. “Pause” imetushinda wiki nzima: mmoja anataka “simamisha”, mimi nataka “tua”, kama mbeba mzigo anavyoutua njiani kabla ya kuendelea, na watoto wa uani, tulipowauliza, walisema wao wanatia pozi na hawaoni tatizo liko wapi. Tunakutana kila Alhamisi saa tisa, nyuma ya maktaba. Anayekuja aje na neno la “level” lisilokuwa “kiwango”, kwa sababu hilo tayari tumeligombania.