Orodha mbili za waliohama, ng'ambo mbili za mto

Tangu 2023, mapigano ya Wambole na Walengola yameleta Kisangani maelfu ya watu. Wengine waliacha karatasi zao ndani ya nyumba zilizochomwa. Kuweka orodha yao mahali pawili, Lubunga na Makiso, ni jambo la lazima. Moto wa bohari ya CENI kule Kinshasa, Desemba 2018, ulitosha kutufundisha. Lakini mto uko katikati, umeme unakatika, na mtoto aliyezaliwa leo anaweza kuandikwa ng'ambo moja tu. Siku ya kugawa chakula, orodha ipi itaaminiwa? Kila ng'ambo iandike badiliko pamoja na namba na tarehe yake, jioni wasomeane kwa simu. Namba ikiruka, waitafute usiku huohuo, si asubuhi mbele ya mama aliyepanga foleni.