Kunguru hafuati lami, hufuata jaa

Ndugu msomaji, wewe uliye Mombasa au Malindi huhitaji kuelezwa kunguru ni nani. Ni yule mweusi mwenye shingo ya kijivu, ambaye alfajiri hupekua jaa la sokoni, na saa nne ametua juu ya tangi lako la maji au meza ya muuza samaki. Miguu ni ile ile, wala hakuinawa.

Hapo ndipo penye hatari kwa afya. Jaa lina nepi, matumbo ya samaki na vijidudu vya kuhara kama vile salmonela. Ndege anayekanyaga huko, kisha akaacha kinyesi kwenye maji au chakula kisichofunikwa, aweza kutuletea maradhi hayo nyumbani. Mtoto mdogo ndiye huumia kwanza.

Kunguru huyu asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka, na mwaka 1947 akaonekana Mombasa. Mfagiaji akageuka mwizi wa mayai, vifaranga na makinda ya ndege wetu wa asili. Mwaka 2024, shirika la wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja kwa sumu maalumu.

Sipingi sumu ikiwa mikononi mwa wenye ujuzi. Lakini Malindi na Watamu walishapunguzwa hivyo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kazi iliposimama, wakazaana upya. Kwa nini wasizaane? Meza yao tuliiacha imeandaliwa.

Sisi wa Mboghoni, huku upande wa Taveta, ni wakulima wa ndizi na wafugaji wa kuku. Ndizi zetu huteremka Mombasa kwa lori. Kunguru naye amekuwa akipanda bara, mji hadi mji, na Voi amekwisha kufika. Kutoka Voi hadi Taveta ni lami. Hata hivyo, kunguru hafuati lami, hufuata jaa. Swali ni je, akifika kwetu atakuta nini?

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tufunike matangi na mapipa. Mabaki ya nyama na samaki yafukiwe siku ile ile. Taka za soko zizolewe jioni, zisilale hadi alfajiri. Vifaranga wafungiwe. Na tafadhali, mtu asijitegee sumu yake mwenyewe: itaua mbwa na mwewe, na yaweza kumfikia mtoto. Wala tusimwonee kunguru wetu wa kienyeji, mwenye shingo nyeupe.

Nawe msomaji wa mjini, kabla hujaingoja serikali imalize kunguru, toka nje utazame pipa lako. Je, lina kifuniko?