Masafa au Marudio? Maoni kuhusu Istilahi za Mawimbi ya Sauti

Mjadala kuhusu istilahi za sayansi katika Kiswahili umejikita mno katika swali la chanzo: je, tukope, tutohoe au tuunde? Maoni haya yanahusu tatizo jingine ambalo, kwa mtazamo wetu, ni zito zaidi: neno moja kubebeshwa dhana mbili zinazokinzana. Mfano wetu ni neno masafa.

Kiasili, masafa ni umbali. Watangazaji wa redio waliposema "masafa mafupi" na "masafa ya kati" walitaja urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata. Ndiyo maana redio za zamani zilionyesha vipimo vya mita. Lakini stesheni ya FM inapojitambulisha kwa "masafa ya megahezi 100", kinachotajwa si umbali tena, bali ni idadi ya mitetemo katika sekunde moja.

Fizikia yenyewe hairuhusu mchanganyiko huu. Mwendokasi wa wimbi ni sawa na idadi ya mitetemo kwa sekunde ikizidishwa kwa urefu wa wimbi. Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 340 kwa sekunde. Nyuzi sauti zikitetema mara 100 kwa sekunde, urefu wa wimbi huwa mita 3.4, zikitetema mara 200, huwa mita 1.7. Kimoja kikipanda, kingine hushuka. Mwalimu anayetumia masafa kwa dhana zote mbili atalazimika kusema kwamba kadiri masafa yanavyoongezeka ndivyo masafa yanavyopungua! Mwanafunzi atakayeduwaa hapo hana kosa.

Huenda wanaisimu wakadhani kwamba jambo hili ni la wanafizikia peke yao. La hasha. Tofauti kati ya "Juma amekuja" na "Juma amekuja?" hubebwa na kiimbo, na kiimbo ni mpando na mshuko wa kidatu. Kidatu ni kile sikio linachohisi, ilhali kinachopimwa na mitambo ni idadi ya mitetemo ya nyuzi sauti. Mtafiti asiyekuwa na neno mahususi kwa kila dhana hawezi kuandika matokeo yake kwa Kiswahili bila kukimbilia Kiingereza.

Zipo hoja za upande wa pili. Inadaiwa kwamba muktadha hutosha kubainisha maana, na kwamba matumizi yaliyokwishazoeleka hayafutiki kwa amri ya wasomi. Hoja hii ya pili tunaikubali: wasikilizaji wa redio waachiwe masafa yao. Hoja ya kwanza, hata hivyo, haina nguvu katika maandishi ya kitaaluma, kwani dhana hizi mbili hukutana katika muktadha uleule na hata katika kanuni ileile moja.

Tunapendekeza, basi, kwamba katika ufundishaji na utafiti itumike istilahi marudio kwa idadi ya mitetemo kwa sekunde, urefu wa wimbi kwa umbali, na kidatu kibaki kwa hisi ya sikio. Maneno haya yote tunayo tayari. Kinachopungua ni nidhamu ya kuyatumia. Lugha haiwi ya sayansi kwa wingi wa istilahi zake, bali kwa kila istilahi kujua mipaka yake.