Spika Isiyolala

Jioni moja, nikiwa nimeketi katika kibanda cha fundi wa redio mtaani Rhonda, hapa Nakuru, nilimwona akiifungua spika ndogo ya Bluetooth iliyoletwa kwake mara ya tatu, na kila mara kwa shtaka lile lile, kwamba hulazwa imejaa chaji na kukutwa alfajiri haina kitu. Akaunga mita baina ya betri na bodi, nasi tukaitazama namba: muziki umezimwa, simu imekwisha kuondolewa, ilhali mkondo wa umeme haukushuka hata kidogo. "Mama, betri haina kosa," akamwambia mwenyewe; "chipu ndiyo isiyolala."

Mkosaji, kwa yakini, ni draiva, yaani ile programu iliyomo ndani ya kifaa yenye mamlaka ya kuiamsha na kuilaza chipu hiyo ya redio. Kuamsha kuna tartibu yake: umeme utangulie na kungojewa mpaka utulie, mapigo ya saa yafuate, kisha waya wa riseti uachiliwe, wala amri yoyote isipelekwe kabla chipu haijajibu kuwa i tayari. Kulaza nako kuna hodi na karibu: draiva hubisha, chipu huitika kwamba imemaliza shughuli yake, ndipo saa izimwe. Anayeikata saa kabla ya kuitikiwa huiacha chipu imekwama, na mwandishi wa programu anayeliogopa kosa hilo hukimbilia njia nyepesi, nayo ni kutoilaza kabisa.

Hiyo naiita dhuluma, madhali gharama yake humwangukia mtu anayehesabu tokeni za umeme. Wala udhuru hapana: tangu kanuni za kwanza za Bluetooth za mwaka 1999 redio hii imeruhusiwa kusinzia baina ya salamu, na toleo la 4.0 la mwaka 2010 likaipunguzia chakula hata betri bapa kama sarafu ikaweza kudumu miezi mingi. Vijana wasomao uhandisi katika Chuo Kikuu cha Egerton, pale Njoro, wapimwe kwanza kwa kifaa kilicholala, ndipo wasifiwe kwa kinachocheza.

Fundi, kwa kuwa hakuwa na njia ya kuiandika upya programu iliyofungiwa ndani ya chipu, alitia swichi ndogo kwenye waya wa betri, akamwonyesha yule mama namna ya kuikata kwa ukucha kila usiku, kabla hajalala mwenyewe.