Hesabu ya Miaka Minane

Juzi mimi na mke wangu tuliketi tukahesabu. Nina miaka 52. Akiba yangu ya N.S.S.F. hulipwa mtu afikapo miaka 60; tangu 2023 mimi hukatwa asilimia 6 na mwajiri huongeza asilimia 6, kwa kadiri iliyowekwa na sheria. Lakini karo na dawa za mama humaliza mshahara kabla ya mwezi kwisha. Nilikosa usingizi, nikaficha jambo kwa aibu. Hatimaye niliwaita ndugu zangu, nikawaonyesha hesabu yote. Sasa kila mmoja hutoa fungu lake kwa mama. Basi wenzangu, semeni mapema: mzigo wa ukoo haukuwekwa juu ya bega moja.